Laki nane za Dar au laki sita za Mbeya? Hesabu kabla ya kufunga mizigo

AJIRA mbili zinapowekwa mezani, moja ya Dar es Salaam kwa mshahara wa Sh. 800,000 kwa mwezi na nyingine ya Mbeya kwa Sh. 600,000, vijana wengi hawahitaji hata kalamu kuamua. Laki mbili ni laki mbili. Mizigo hufungwa, tiketi ya basi hukatwa, na baada ya kilometa zaidi ya 800 ndipo hesabu huanza kufanywa, tena na mtu ambaye tayari amekwisha kuchelewa.

Suala hili si la waajiriwa peke yao. Mwenye duka la jumla Kariakoo anayetafuta mtunza stoo, mwenye vyumba vya kupangisha Mbagala, mfanyabiashara wa nafaka Tandale na mtu mwenye mtaji mdogo anayetafuta mtaa wa kufungulia duka, wote kwa namna moja au nyingine wanakula kutokana na mshahara wa mtu mwingine. Mshahara huo usipotosha, kodi ya chumba huchelewa, daftari la madeni dukani hujaa, na mtunza stoo huanza kuitazama stoo kwa jicho jingine.

Mfano unaotumika hapa ni wa mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi, mwenye mke na mtoto mmoja, aliyesoma kwa mkopo wa Serikali na ambaye bado anaulipa. Bei za chakula, pango na matumizi ya nyumbani ni za mfano tu, na msomaji anaweza kuziondoa akaweka za mtaa wake. Makato, hata hivyo, ni ya kisheria na hayana mjadala.

KINACHOANDIKWA NA KINACHOFIKA

Katika Sh. 800,000 huondolewa kwanza mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ambao kwa upande wa mfanyakazi ni asilimia 10, yaani Sh. 80,000. Zinazobaki, Sh. 720,000, ndizo zinazotozwa kodi ya mshahara, ile inayojulikana kwa jina la PAYE. Kwa jedwali la Tanzania Bara lililoanza kutumika Julai 2021, Sh. 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi Sh. 520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi Sh. 760,000, asilimia 25 hadi Sh. 1,000,000, na asilimia 30 kwa kila kinachozidi hapo.

Wapo wanaodhani kwamba mshahara ukishavuka mstari basi wote unatozwa kiwango kipya. Sivyo. Kinachotozwa kiwango kipya ni ile sehemu iliyovuka tu, na kwa hiyo hakuna nyongeza inayoweza kumrudisha mtu nyuma kwa sababu ya kodi hii. Kwa mhasibu huyu kodi ni Sh. 20,000 za daraja la asilimia 8 na Sh. 40,000 za daraja la asilimia 20, jumla Sh. 60,000.

Baada ya hapo huja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 kiwango kilikuwa asilimia 8. Hapa ni Sh. 120,000, mara mbili ya kodi yenyewe, na ndiyo makato yanayosahauliwa zaidi na vijana wanapopiga hesabu za kichwani. Mkononi hubaki Sh. 540,000.

Kwa ajira ya Mbeya, NSSF huchukua Sh. 60,000, kodi Sh. 24,000 na Bodi ya Mikopo Sh. 90,000. Mkononi hubaki Sh. 426,000.

Laki mbili zilizofungisha mizigo zimekuwa Sh. 114,000. Hicho ndicho kiasi ambacho Dar es Salaam inamwongezea, na swali lote la makala haya ni kama jiji litamwachia hizo Sh. 114,000 au litazidai zote na zaidi.

Mwajiri naye ana upande wake wa hesabu. Kwa mshahara huo wa Sh. 800,000 analipa NSSF yake Sh. 80,000, na kama ana wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5, yaani Sh. 28,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchukua nusu ya asilimia moja, Sh. 4,000. Zinatoka Sh. 912,000 katika akaunti ya kampuni na zinafika Sh. 540,000 mfukoni mwa mfanyakazi. Ndiyo maana mwajiri huapa kwamba analipa vizuri na mfanyakazi huapa kwamba analipwa vibaya, na wote wawili husema kweli. Haki itendeke pia kwa makato hayo: Sh. 160,000 ni akiba ya uzeeni ya mfanyakazi mwenyewe na Sh. 120,000 ni deni lake. Lakini mwenye duka hapokei kitabu cha NSSF badala ya fedha taslimu.

PANGO NA NAULI NI BEI MOJA

Kosa la pili baada ya kusahau makato ni kuuliza bei ya chumba peke yake. Dalali atasema chumba na sebule Chanika ni nafuu kuliko Ilala, na hadanganyi. Ila chumba hakina bei kamili mpaka kiunganishwe na nauli ya kwenda kazini na kurudi.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipotangaza nauli mpya Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilometa 10 ilipanda kutoka Sh. 500 hadi Sh. 600. Mwaka mmoja na nusu nyuma ilikuwa imetoka Sh. 400. Kwa nauli hiyo ya Sh. 600, mtu anayepanda gari moja kwenda na moja kurudi kwa siku 26 za kazi hutumia Sh. 31,200 kwa mwezi. Anayeunganisha magari mawili kwenda na mawili kurudi hutumia Sh. 62,400. Maana yake ni kwamba chumba cha Sh. 100,000 kilicho umbali wa magari mawili na chumba cha Sh. 131,200 kilicho umbali wa gari moja vina bei sawa, isipokuwa mpangaji wa kile cha kwanza ataamka saa kumi usiku.

Na hapo pikipiki haijahesabiwa. Mitaa mingi mipya ya pembezoni, kuanzia Bunju hadi Gongo la Mboto, iko mbali na kituo cha daladala. Bodaboda ya Sh. 1,000 kutoka kituoni hadi nyumbani, asubuhi na jioni, ni Sh. 52,000 kwa mwezi. Wapo watu wanaolipa bodaboda karibu nusu ya kodi ya chumba bila kujua, kwa sababu wanalipa elfu moja moja.

Sababu ya watu kusukumwa huko pembezoni haihitaji uchunguzi mrefu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu milioni moja zaidi katika miaka kumi hawawezi kuenea Kinondoni na Magomeni.

FEDHA ZINAZODAIWA KWA MKUPUO

Mshahara huja kwa mwezi lakini gharama kubwa za Dar es Salaam haziji kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali huchukua ya mwezi mmoja. Chumba na sebule cha Sh. 100,000 kwa masharti hayo ni Sh. 600,000 za mwenye nyumba na Sh. 100,000 za dalali, jumla Sh. 700,000, zinazotakiwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Mhasibu anapokea Sh. 540,000. Hata kama mwezi wa kwanza hatakula, hatapanda gari na hatanunua godoro, bado haingii.

Hapa ndipo wageni wengi wa jiji huharibikiwa, na si kwa anasa kama wazazi wanavyodhani. Wengine hukaa kwa shemeji au kwa mjomba mpaka wapate pa kuanzia, na huko nako kuna kuchangia unga na umeme, na kuna aibu yake. Wengine hukopa. Mikopo ya mitaani, ile iliyopewa jina la kausha damu, hutolewa haraka na hurejeshwa kwa siku au kwa wiki. Anayepewa Sh. 400,000 na kutakiwa kurudisha Sh. 480,000 baada ya siku 30 amelipa riba ya asilimia 20 kwa mwezi mmoja, na kama mwezi huo hana, deni la pili hulipa la kwanza. Mshahara wa mtu kama huyo unaweza kuwa mkubwa kwenye karatasi na usiwe na maana yoyote sokoni.

Kwa sababu hiyo, mtu anayepima ajira ya jiji anapaswa kujiuliza maswali mawili tofauti. La kwanza ni kama mshahara utamtosha akishatulia. La pili ni kama ana mtaji wa kutulia. Kijana mwenye jibu zuri kwa swali la kwanza na jibu baya kwa la pili ataharibikiwa kabla mshahara haujapata nafasi ya kumtosha. Anayehamia na Sh. 700,000 zake mwenyewe na anayehamia na Sh. 700,000 za kukopa hawana mshahara mmoja hata kama wana mwajiri mmoja.

Mikupuo mingine hupangwa na kalenda. Ada ya shule za Serikali iliondolewa kuanzia 2016 kwa elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne, lakini Januari bado ina sare, madaftari, viatu na michango. Mwishoni mwa mwaka kuna safari ya nyumbani. Katikati kuna kadi za harusi. Njia pekee ya kuyaona haya ni kuyajumlisha kwa mwaka, kugawanya kwa 12, na kuyahesabu kama kodi ya nyumba.

CHUNGU NA GENGE

Sasa bajeti yenyewe. Kwa Dar es Salaam: pango Sh. 100,000, nauli ya magari mawili Sh. 62,400, chakula cha mchana kwa mama lishe, Sh. 2,500 kwa siku 26, Sh. 65,000, chakula cha nyumbani, Sh. 8,000 kwa siku 30, Sh. 240,000, mkaa au gesi Sh. 30,000, umeme, maji na taka Sh. 25,000. Jumla ni Sh. 522,400. Mkononi mwa mhasibu hubaki Sh. 17,600.

Kwa Mbeya: pango Sh. 60,000, nauli ya gari moja Sh. 31,200; chakula cha mchana Sh. 2,000 kwa siku, Sh. 52,000, chakula cha nyumbani Sh. 6,000 kwa siku, Sh. 180,000, nishati, umeme na maji kama Dar, Sh. 55,000. Jumla Sh. 378,200. Mkononi hubaki Sh. 47,800.

Mwenye mshahara mdogo amebaki na fedha nyingi zaidi. Jiji lilimwongezea mwenzake Sh. 114,000 na likamdai Sh. 144,200.

Atakayepinga atasema bei hizo zimechaguliwa ili Mbeya ishinde, na ana haki ya kuzibadili. Akiishi karibu na kazi, au akipata chumba cha bei ya chini kuliko hiyo, picha inageuka. Mbeya nayo ina gharama zake ambazo Dar haizijui. Juni na Julai blanketi moja halitoshi na jiko la mkaa huwaka muda mrefu. Jambo lisilobadilika ni ule mstari wa Sh. 114,000. Kila anayebadili bei lazima aonyeshe kwamba tofauti ya gharama kati ya miji hiyo iko chini ya mstari huo, la sivyo uhamisho ni wa hasara.

Kwa upande wa chakula tofauti hiyo si ya kubuni. Mchele wa Kyela na wa bonde la Usangu, viazi na ndizi za Rungwe, yote haya kwa mkazi wa Mbeya yako jirani. Kabla ya kufika sahani ya Dar es Salaam, kilo hiyo hiyo ya mchele imelipia gunia, mpakiaji, lori, mafuta, ushuru, mshushaji, mwenye ghala Tandale na mwenye duka la mtaa. Mafuta ya lori nayo hubadilika bei kila mwezi, pale Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, inapotangaza bei kikomo siku ya Jumatano ya kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo wafanyabiashara wa rejareja wanalifahamu kuliko wachumi. Mlaji wa kipato kidogo hununua vitu kwa bei ya juu kuliko tajiri. Mwenye fedha hushusha gunia la mkaa na kiroba cha mchele tarehe mosi. Asiye nacho hununua mkaa kwa kopo, mafuta ya kula kwa kipimo na nyanya kwa fungu. Ukijumlisha makopo yanayotoka katika gunia moja utakuta bei ya gunia imezidi sana, na tofauti hiyo ndiyo faida halali ya mwenye genge. Mshahara ukikaribia kuisha, familia hushuka kutoka kununua kwa kiroba hadi kununua kwa kilo, kisha nusu, kisha robo. Fedha zinapungua na wakati huo huo bei ya kila kilo inapanda.

MBONA MFUMUKO WA BEI UKO CHINI?

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kasi ya mfumuko wa bei, na kila mwezi walaji huuliza takwimu hizo zimetoka nchi gani. Wastani wa mwaka 2022 ulikuwa asilimia 4.3, wa 2023 asilimia 3.8 na wa 2024 asilimia 3.1. Idadi hizo zina maana yake, ila si maana inayotafutwa na mtu anayepima mshahara wake.

Kwanza, mfumuko wa bei hupima kasi ya kupanda, wala haupimi urefu wa ngazi. Bei zikipanda mwaka mmoja na mwaka unaofuata zikasimama, mfumuko utakuwa sifuri na bei zitabaki kule kule juu.

Pili, kapu linalotumika ni la taifa zima. Katika kapu hilo, ambalo mwaka wake wa kizio ni 2020, chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2, huku milo ya migahawani ikihesabiwa mbali. Mhasibu wa mfano huu hutumia asilimia 44 ya fedha zake kwa chakula cha nyumbani, na akiongeza cha mama lishe inafika asilimia 56. Mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alikwisha kuonyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo na kipato kidogo ndivyo sehemu inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa, na tangu hapo hakuna jiji lililomkanusha.

Chukua mfano wa vyakula vyote kupanda kwa asilimia 10, jambo ambalo linaweza kutokea kabla ya mavuno. Vingine vyote vikisimama, chakula hicho kitasukuma kapu la taifa kwa asilimia 2.8 hivi, na gazeti litaandika kwamba mfumuko uko chini ya lengo la asilimia 5. Kwa mhasibu, asilimia 10 ya Sh. 305,000 za chakula chake ni Sh. 30,500. Alikuwa amebakiwa na Sh. 17,600. Amekwisha kuingia kwenye deni, na hakuna takwimu iliyodanganya.

Tatu, pango halipandi kidogo kidogo kama unga. Husimama miezi sita au kumi na miwili, kisha mkataba ukiisha mwenye nyumba huongeza elfu ishirini kwa siku moja.

Kwa hiyo nyongeza ya mishahara isipimwe kwa kuilinganisha na mfumuko wa taifa peke yake. Serikali ilipotangaza Mei 2025 kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kuanzia Julai mwaka huo, ongezeko lilikuwa asilimia 35.1, mbali kabisa na mfumuko wa mwaka. Lakini ukiondoa mchango wa mtumishi wa asilimia 5 kwa mfuko wa pensheni wa PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya na kodi ya mshahara, Sh. 500,000 hizo ni Sh. 443,600, kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi. Kwenye bajeti ya Mbeya hapo juu zinatosha na kubakiza kidogo. Kwenye bajeti ya Dar es Salaam zina upungufu wa Sh. 78,800. Kima ni kimoja nchi nzima, miji si mmoja.

NANI BASI AENDE DAR?

Mtu mwenye vipato viwili nyumbani. Mke wa mhasibu akifungua genge, au akipika maandazi ya asubuhi, na kubakiza Sh. 3,000 kwa siku 26, hizo ni Sh. 78,000, na salio la mwezi linatoka Sh. 17,600 hadi Sh. 95,600. Mzunguko wa fedha wa jiji ndio faida yake halisi, na mshahara mmoja peke yake hauwezi kuivuna. Biashara hiyo hiyo Mbeya inawezekana, ila wapita njia ni wachache na jirani naye anauza maandazi hayo hayo.

Anafaa pia kwenda yule ambaye mwajiri anampa basi la wafanyakazi na chakula cha mchana. Wengi huviona vitu hivi kama zawadi ndogo na kuuliza mshahara tu. Kwa mfano huu nauli na mlo ni Sh. 127,400 kwa mwezi. Ili mfanyakazi apate kiasi hicho mkononi kwa nyongeza ya mshahara wa msingi, mwajiri angelazimika kuupandisha mshahara kwa karibu Sh. 239,000, kwa sababu NSSF, kodi na Bodi ya Mikopo vingechukua sehemu yao kwanza. Kampuni ya Dar inayolipa Sh. 800,000 na kulisha wafanyakazi wake inalipa zaidi ya jirani yake anayetoa milioni moja kavu, na inashangaza kwamba wenye kampuni za namna hiyo hawajui kujitangaza.

Asiye na mkopo wa Bodi naye ana hesabu tofauti. Kwa mshahara ule ule wa Dar hupokea Sh. 660,000, na hapo mambo hupumua.

DALILI ZA KUANGALIA MTAANI

Mfanyabiashara hahitaji kuona hati ya mshahara ya mteja wake. Anahitaji kujua tarehe. Katika mtaa wa waajiriwa, unga wa mfuko wa kilo tano na mafuta ya dumu huuzwa wiki ya kwanza ya mwezi. Angalia ni tarehe ngapi wateja wanaanza kuomba robo na kuandikisha kwenye daftari. Mtaa unaofika tarehe 22 bado unanunua kwa kilo ni mtaa wenye mshahara unaotosha, na unaweza kubeba duka lenye bidhaa za bei ya juu kidogo. Mtaa unaokauka tarehe 14 unahitaji vipimo vidogo, na mwenye duka anayejaza rafu zake majokofu na sabuni za kifahari atafunga kabla ya mwaka. LUKU nayo husema: wakala anayeuza umeme wa elfu moja moja kuanzia katikati ya mwezi anaijua hali ya mtaa vizuri.

Kwa mwenye vyumba, mpangaji ambaye mshahara wake haumalizi mwezi anaweza kulipa miezi sita ya mwanzo vizuri kabisa, kwa sababu alikopa au alichangiwa. Mtihani uko kwenye miezi sita ya pili. Wenye nyumba wachache wameanza kupokea miezi mitatu mitatu, au mwezi kwa mwezi kwa kuongeza kidogo kwenye kodi, na kwa mpangaji mwenye ajira ya kudumu mpango huo una akili. Chumba kinachokaa wazi miezi miwili kikisubiri mtu mwenye Sh. 700,000 kimekwisha kupoteza Sh. 200,000.

Mwajiri ndiye mwenye njia fupi kuliko wote. Akimlipia mfanyakazi mpya Sh. 700,000 za kuanzia na kuzikata kwa miezi 12, makato ni Sh. 58,333 kwa mwezi bila riba, na nusu ya fedha hizo zinakuwa zimerudi kabla ya kodi ya pili kudaiwa. Kwenye bajeti ya hapo juu pango limekwisha kuhesabiwa, kwa hiyo mzigo wa miezi sita ya kwanza ni mwepesi. Miezi sita ya pili ndiyo migumu, kwani makato na kodi mpya hukutana, na inafaa hilo lisemwe siku ya kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya deni mfanyakazi akikubali kwa maandishi, na karatasi hiyo huandikwa kabla fedha hazijatoka.